Fungua Kwanza Ndipo Ulipe: Hotuba Kuhusu Magitaa ya Kughushi

Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya wapiga magitaa, mafundi wa vyombo vya muziki na viongozi wa kwaya. Inawekwa hapa yote kwa faida ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wa muziki wa dansi, viongozi wa kwaya, mafundi wenzangu, dada zangu na kaka zangu, nawashukuru kwa kuniita.

Naomba nianze na bei, kwa sababu bei ndiyo inayotufikisha kwenye tatizo. Gitaa la umeme la kampuni ya Gibson ya Marekani, aina ya Les Paul Standard, likiwa jipya huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 2,500, na hapo hujalipa nauli wala ushuru. Ni wangapi humu ndani, tunaopiga kwenye harusi, kumbini na ibadani, wanaoweza kutoa fedha hizo kwa mkupuo mmoja? Ndiyo maana tunanunua yaliyotumika. Tunanunua kwa ndugu anayerudi kutoka Ulaya, kwa bendi iliyovunjika, kwa mtu aliyetangaza kwenye simu, kwa mfanyabiashara anayeleta mzigo kutoka Dubai. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Lakini mghushi naye anajua kwamba tunanunua hivyo, na anajua kwamba wengi wetu hatujawahi kulishika gitaa halisi la aina ile hata mara moja, kwa hiyo hatuna cha kulinganishia.

Msidhani nazungumzia watu wawili watatu wanaobandika majina uchochoroni. Mwezi Desemba 2024 maofisa wa forodha wa Marekani walitangaza kwamba katika bandari za Los Angeles na Long Beach wamekamata magitaa zaidi ya 3,000 ya kughushi yenye jina la Gibson, yaliyotoka Asia kwa meli, ambayo kama yangekuwa halisi thamani yake ingefika dola milioni 18. Magitaa 3,000, ndugu zangu! Na huko ni nchini mwenye jina anakotengenezea magitaa yake, ambako forodha wanaweza kumpigia simu mwenye kiwanda wakamwuliza kama hii ni kazi yake. Je, mzigo unaoshushwa kwetu, nani anaufungua begi moja moja na kuangalia? Jibu mnalo. Mkaguzi ni wewe mnunuzi, na bisibisi yako.

Kabla sijaendelea, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna gitaa la kuiga na kuna gitaa la kughushi. Miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilitoa magitaa yaliyofanana mno na ya Gibson na ya Fender, kampuni nyingine ya Marekani, lakini kichwani yaliandikwa Ibanez, Greco au Tokai. Waliiga umbo wakaweka jina lao. Mwaka 1977 kampuni iliyokuwa inaimiliki Gibson ilimshitaki msambazaji wa Ibanez huko Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, na hilo ni shauri la wafanyabiashara wao kwa wao. Mnunuzi alijua anachonunua. Leo hii Epiphone ni mali ya Gibson tangu 1957, na Squier ni jina la Fender lililoanza kutumika kwenye magitaa mwaka 1982, na yote mawili hutengeneza magitaa ya bei nafuu yaliyo halali kabisa. Mwenye fedha kidogo anunue Epiphone iliyoandikwa Epiphone, atapata chombo kizuri na atalala usingizi. Ninachokishughulikia leo ni gitaa lililoandikwa jina ambalo si lake, likauzwa kwa bei ya jina hilo.

Sasa nisemalo ni hili, na nitalirudia mpaka mlichoke. Mghushi hutumia fedha yake pale jicho la mnunuzi linapotua kwanza: kwenye jina, kwenye rangi, kwenye nakshi za ubao wa vidole. Pale asipotarajia ufike, hatumii kitu. Hawezi kutumia, kwa sababu akitengeneza sehemu zote kama kiwanda kinavyotengeneza, gharama itamfikia kama ya kiwanda na faida itakuwa imekwisha. Kwa hiyo ukweli wa gitaa unakaa chini ya vifuniko. Fungua kwanza, ndipo ulipe.

Niwape mfano wa kwaya moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja. Walichangishana kwa muda mrefu, wakapata mtu aliyekuwa anauza Les Paul ya rangi ya machweo, nzuri kweli kweli, mstari wa mbao wa mbele unameremeta kama ngozi ya chui. Walinunua, wakaliombea, wakaanza kulipiga. Baadaye wakaniletea nilisafishe tu, kwa sababu lilikuwa halikai kwenye sauti. Mwenyekiti wa kwaya alikuwepo, mweka hazina alikuwepo, na mpiga solo wao kijana naye alikuwepo. Nikaliweka mezani.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kile kifuniko kidogo cheusi cha umbo la kengele kilichopo kichwani, juu kidogo ya pale nyuzi zinapoingia kwenye shingo. Kwa desturi Gibson hukifunga kwa skrubu mbili, moja juu na moja chini. Hiki kilikuwa na tatu. Sikusema neno, nikakifungua. Chini yake hukaa ncha ya fimbo ya chuma inayonyoosha shingo, na kwa Gibson ncha hiyo kwa desturi huwa na nati ya shaba ambayo funguo yake huivika kwa nje. Mle ndani palikuwa na tundu la pembe sita la kuingizia funguo ya L, kama ile ya kukazia samani za kuunganisha. Nikamwuliza yule kijana, "Mdogo wangu, uliwahi kukifungua hiki?" Akasema aliyewauzia aliwaambia wasikiguse, wataharibu shingo.

Nikaligeuza. Nyuma ya kichwa nambari ilikuwa 04273518, na maneno ya kwamba limetengenezwa Marekani. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana jambo hili mnaweza kulifanya kwa kichwa bila chombo chochote. Kuanzia mwaka 1977 mpaka katikati ya 2005, magitaa ya kawaida ya Gibson yalipigwa muhuri wa tarakimu nane ulioingia ndani ya mbao. Tarakimu ya kwanza na ya tano ukizisoma pamoja zinakupa mwaka. Ya pili, ya tatu na ya nne zinakupa siku ya mwaka, tangu siku ya 1 hadi ya 365, au 366 kwa mwaka mrefu. Zinazobaki ni namba ya gitaa kwa siku ile. Chukua 92147385: mwaka ni 97, siku ni ya 214, yaani tarehe 2 Agosti 1997. Sasa chukua ile ya kwaya. Mwaka ni 03. Siku je? Siku ya 427. Ni mwaka gani, ndugu zangu, wenye siku 427?

Mweka hazina alihesabu mwenyewe kwenye karatasi, akaiangalia ile karatasi, akanyamaza.

Tukaendelea, kwa kuwa ushahidi mmoja si ushahidi. Tazameni pale mwili wa Les Paul ulipokatwa ndani ili mkono ufikie freti za mwisho, vile vyuma vyembamba vya ubao wa vidole. Gitaa hili lina mgongo wa mahogani na uso wa mepo, mbao ngumu nyeupe. Pindo jeupe la plastiki linalozunguka mwili kwenye Gibson ya kawaida hubaki na unene ule ule hata linapopita kwenye mkato huo, kwa hiyo chini ya pindo unaona utepe wa mbao ya mepo ukiwa uchi. Wenye kughushi hulinenepesha pindo pale ili lifunike kila kitu, maana chini yake aghalabu hakuna mepo ya maana. Ule mmeremeto wa mbele ni karatasi ya mbao iliyobandikwa, na wakati mwingine ni picha tu. La kwaya lilikuwa limenenepeshwa. Nguzo mbili za daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi mwilini, zilikuwa nene, zenye mfereji wa bisibisi juu yake, jambo la kawaida kwenye vyuma vya bei rahisi. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta potenshiometa, vile vidhibiti vya sauti vya kuzungusha, ndogo kama kifungo cha shati, nyaya nyembamba za plastiki za rangi rangi, na risasi ya kuunganishia nyaya iliyodondoshwa kwa haraka.

Na pale chini ya kichwa, nyuma, ukiwasha tochi ya simu ukailaza, ulionekana mstari mmoja mnyoofu wa mshazari unaokata shingo. Kichwa kilikuwa kimeunganishwa na shingo kwa gundi. Gibson huchonga shingo na kichwa kutoka kwenye ubao mmoja uliolazwa kwa pembe, ambayo ni digrii 17 kwenye Les Paul nyingi. Ni ubadhirifu wa mbao, na mghushi hakubali ubadhirifu huo.

Nimekaa sana kwenye gitaa hili kwa sababu Les Paul ndiyo inayoghushiwa kupita kiasi, na kwa sababu dalili zake zinafundishika. Lakini nataka muone pia jinsi dalili hizo zinavyoweza kumdhulumu mtu mwema. Hili ni jambo linaloniuma zaidi ya lile la kwanza.

Kuna mzee mmoja, mpiga ridhimu wa zamani, aliyekuwa na Les Paul Deluxe aliyoipata ujanani mwake. Alipougua akataka kuiuza. Vijana wawili waliokuja kuitazama walikuwa wamejifunza dalili kwenye simu. Wakamwambia, mzee, shingo hii ni ya vipande vitatu, Gibson haifanyi hivyo. Wakamwambia, nyuma ya shingo kuna kinundu, Gibson haina kinundu. Wakamwambia, mwili una tabaka, huu ni ubao wa kushindiliwa. Nambari ina tarakimu sita tu, na hazitoi tarehe. Na kichwani kuna mstari wa gundi. Wakamtajia bei ya gitaa la kujifunzia, na mzee wa watu, kwa unyonge, akawa karibu kukubali.

Binti yake ndiye aliyelileta kwangu. Nililifungua. Potenshiometa zilikuwa kubwa, zenye tarakimu saba zilizopigwa mgongoni: 1377315. Tarakimu hizo ni za mpango wa viwanda vya Marekani. Tatu za mwanzo ni alama ya mtengenezaji, na 137 ni kampuni ya CTS. Mbili zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Maana yake potenshiometa ile ilitengenezwa na CTS wiki ya 15 ya mwaka 1973, na risasi iliyoishikilia ilikuwa haijaguswa tangu hapo, imefifia kwa rangi moja na nyaya zake za ala ya chuma iliyosukwa. Halafu yale yote waliyoyataja vijana yakawa ushahidi wa upande wa mzee. Miaka ile ya mwanzo wa 1970 Gibson ilikuwa inatengeneza shingo za vipande vitatu. Ilikuwa inaweka kinundu nyuma ya shingo ili kuipa nguvu. Miili ya Les Paul nyingi za kipindi hicho iliundwa kwa mbao mbili za mahogani zenye ubao mwembamba wa mepo katikati yake. Na mfumo wa nambari unaoonyesha siku ulikuwa haujaanza. Nimewaambia, ulianza 1977.

Na mstari wa gundi je? Nao ni somo. Kwa kuwa kichwa cha Gibson kimechongwa kwa pembe pamoja na shingo, nyuzi za mti hukatika pale nyuma ya fimbo ya chuma, na gitaa likianguka kwa mgongo, kichwa huvunjika. Zilizovunjika na kugundishwa ni nyingi duniani. Mstari wa kiwanda cha kughushi ni mnyoofu kama umepigwa kwa rula. Mstari wa ufa uliotibiwa huenda upande, hurudi, hufuata nyuzi za mti, na kingo zake mara nyingi zina rangi ya kuongezewa. Wa mzee ulikuwa wa ufa. Ufa hupunguza bei, nao ni halali kuutaja na kuupigia hesabu. Lakini gitaa lile lilikuwa Gibson tangu lilipozaliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, dalili moja haitoshi kuhukumu, na dalili bila mwaka haina maana. Uliza kwanza: gitaa hili linadaiwa kuwa la mwaka gani? Kisha uliza: mwaka huo kiwanda kilikuwa kinafanyaje? Gibson ya mwaka 1994 nambari yake huanza na 94 moja kwa moja, kwa kuadhimisha miaka mia ya kazi ya Orville Gibson. Kuanzia 2014 mfumo ukabadilika tena, tarakimu mbili za mwanzo zikawa mwaka. Ukikuta bamba la saketi badala ya nyaya zilizosukwa ndani ya Gibson ya miaka ya 2010, usipige kelele, kwa sababu kiwanda chenyewe kilianza kutumia mabamba hayo. Na kinyume chake ni kweli vile vile: nambari sahihi haithibitishi kitu, kwa kuwa mghushi mwenye akili hunakili nambari ya gitaa halisi aliloliona pichani, akaipiga kwenye magitaa mia. Fungua kwanza, ndipo ulipe.

Naingia kwenye besi, na hapa uongo huwa wa aina nyingine. Fender, tofauti na Gibson, ilijengwa na Leo Fender huko Fullerton, California, kwa wazo kwamba shingo ifungwe kwa skrubu ili ikiharibika ibadilishwe. Precision Bass ilitoka 1951, Jazz Bass ikatoka 1960, na hadi leo shingo ni ya kufungua. Ni wazo zuri sana kwa sisi mafundi. Lakini limefanya gitaa la Fender liwe rahisi kuungaungwa: shingo ya hapa, mwili wa pale, kibati cha kwingine, na jina la kubandika kwa maji juu yake.

Mpiga besi mmoja wa bendi ya hotelini aliniletea Jazz Bass aliyouziwa kuwa ni ya Marekani ya mwaka 1995. Kichwani nambari ilianza na N5. Herufi N kwa Fender ya Marekani ni muongo wa 1990, na 5 ni mwaka wake. E ni ya 1980, S ni ya 1970, Z ni ya 2000. Za Mexico, kiwanda cha Ensenada, huanza na M, kama vile MN. Zote mbili ni Fender halali, ila bei si moja, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Nilipopitisha ukucha juu ya jina, niliusikia ukingo wa karatasi ukiinuka juu ya vanishi. Sikutaka kumvunja moyo kwa ukucha tu. Nikalegeza nyuzi, nikafungua skrubu nne, nikaitoa shingo.

Kisigino cha shingo kilikuwa kitupu. Hakuna muhuri, hakuna tarehe, hakuna hata alama ya penseli ya mtu wa kiwandani. Ndani ya mfuko wa shingo na chini ya pikapu, kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi, pale rangi haikufika, mbao ilionyesha tabaka zake, nyembamba nyembamba, zaidi ya tano. Hiyo si kazi ya Corona, California, ya mwaka 1995. Mwili ule ulikuwa wa gitaa la kuanzia, na shingo ya gitaa lingine la bei nafuu, na jina limebandikwa juu yake. Akaniuliza, "Fundi, mbona linalia vizuri?" Nikamjibu kwamba ni kweli linalia vizuri, na aendelee kulipiga kwa furaha, tatizo lipo kwenye fedha alizotoa, ambazo zingetosha kununua besi mbili zinazolia vizuri zaidi zenye majina yake ya kweli.

Swali lile mtaulizwa mara nyingi, kwamba kama sauti ni nzuri, ubaya uko wapi. Ubaya uko kwa mtu wa pili. Yule wa kwanza ataridhika nalo, lakini siku akiuguliwa, siku mtoto akitakiwa ada, atalitoa akitegemea kurudishiwa alichotoa, na itambidi ama apate hasara yote peke yake, ama amdanganye mwenzake. Gitaa la kughushi linamlazimisha mtu mwaminifu achague kati ya hayo mawili.

Kuhusu kibati cha nyuma chenye nambari, nitasema kwa ufupi. Kabla ya 1976 Fender iliweka nambari kwenye kibati kinachobeba skrubu za shingo. Kibati ni chuma, kinatoka kwa skrubu nne, na kinauzwa peke yake. Mtu akikuonyesha kibati na kukuambia hili ni la kabla ya 1965, yaani kabla kampuni ya CBS haijainunua Fender, na akadai bei ya nyumba, mwombe atoe shingo. Akikataa, funga mazungumzo.

La mwisho ni la kununua kwa mbali. Kijana wa ukoo wetu anayeishi Muscat alipata tangazo la Rickenbacker 4003, besi ambayo kila mpiga besi anaitambua kwa umbo la pembe zake. Muuzaji alikuwa mji mwingine, akataka sehemu ya fedha itangulie. Kijana akanipigia: "Mjomba, nifanyeje?" Nikamwambia aombe picha nne. Ya kwanza, nyuma ya gitaa pale shingo inapokutana na mwili. Ya pili, kichwa kikiwa kimeondolewa kile kifuniko chenye jina. Ya tatu, kibati cha pembeni kinapoingia waya, ambako Rickenbacker huweka nambari. Ya nne, gitaa zima likiwa na karatasi kando yake, iliyoandikwa kwa mkono jina la muuzaji na tarehe ya siku hiyo, kwa sababu wezi wa picha ni wengi kuliko wezi wa magitaa.

Muuzaji alituma moja tu, ya nyuma. Ilitosha. Shingo ilikuwa imefungwa kwa skrubu nne. Rickenbacker 4001 na 4003 hazifungwi hivyo. Ubao wa shingo huanzia kichwani, ukapita katikati ya mwili mpaka mwisho wake, na mabawa ya mwili yakagundishwa pande zote mbili. Angetuma ile ya pili, tungetazama pia idadi ya fimbo, maana za miaka ya 1970, 1980 na 1990 huwa na fimbo mbili za chuma ndani ya shingo, na za kughushi huwa na moja. Kampuni ile, ya Santa Ana, California, haijawahi kuhamishia kazi yake Asia, kwa hiyo hadithi ya kwamba hili ni toleo la nje msiipokee. Yule kijana hakupoteza hata baisa moja.

Basi tufanyeje? Nendeni mkiwa na bisibisi ya nyota, bisibisi bapa ndogo, tochi, na nyuzi mpya za kurudishia, ili muuzaji asiwe na sababu ya kukataa nyuzi zisilegezwe. Ombeni ruhusa kwa adabu, kwa maana gitaa bado ni lake. Muuzaji mwaminifu atasita kidogo, kisha atakubali, na wengine watafurahi kwa kuwa hata wao hawajawahi kuona ndani. Nendeni na mtu mmoja ambaye halitamani gitaa lile. Sisi tunaolitamani macho yetu huwa yameshakubali tangu mlangoni. Na mkikubaliana, andikianeni stakabadhi inayotaja chapa, aina, mwaka, nambari kamili na maneno kwamba muuzaji analithibitisha kuwa halisi, pamoja na sahihi ya shahidi. Stakabadhi iliyoandikwa "gitaa moja" tu haitakusaidia popote. Mwenye duka akikuuzia la kughushi, hapa Tanzania bidhaa bandia zinasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na malalamiko yenye stakabadhi ya namna hiyo na picha za ndani ya gitaa yana uzito.

Kwa wale ambao tayari wanalo, nawaomba jambo moja kama ndugu yenu. Msilipitishe kwa mwingine kwa jina lile. Ile kwaya niliyoitaja walikaa kikao, wakabishana, na mwisho wakaamua jina lisuguliwe kichwani na gitaa libaki la mazoezi ya vijana. Nililisugua mimi mwenyewe, nikarekebisha freti, nikaweka vikaza nyuzi vipya ili likae kwenye sauti, na linatumika. Mwenye kutaka kuliuza la kwake aliuze kama gitaa lisilo na jina, kwa bei ya gitaa lisilo na jina, na aandike hivyo.

Meza iko kule nyuma na bisibisi zipo. Waliokuja na magitaa yao waanze kuyatoa kwenye mabegi. Tutaanza na ya wazee, halafu ya kwaya, na yeyote anayetaka kujifunza asogee karibu aone kila skrubu inavyotoka.